Funga kwa Kufuli, Usizibe: Namna ya Kuhifadhi Baruti na Fataki Nyumbani

Msimu wa kuwinda kulungu unapokaribia hapa Minnesota, Marekani, simu yangu huanza kuita. Ni ndugu zetu walioanza kujaza risasi zao wenyewe, yaani kutia baruti na fataki mpya kwenye maganda yaliyokwisha pigwa, na maswali ni yale yale kila mwaka. Baruti niiweke ndani ya sefu ya bunduki? Friji mbovu yenye kufuli inafaa? Gereji je? Fataki nizimimine kwenye chupa ya kioo zisipate unyevu? Ninawajibu wote. Ninayemhofia ni yule asiyepiga simu, ambaye tayari ameshaweka makopo chini ya kitanda cha watoto. Huyo ndiye ninayemwandikia.

Mwongozo huu ni wa kuhifadhi tu. Kiasi cha baruti cha kutia ndani ya ganda hukitapata hapa. Hicho kinatoka kwenye kitabu cha kampuni iliyotengeneza baruti yako, na usikichukue kwa mtu yeyote kwa mdomo, hata kwangu.

Maneno nitakayotumia: ganda ni lile la shaba linalobaki baada ya kupiga. Kichwa ni kile kinachoruka. Baruti unaijua. Fataki ninaitumia kwa maana yake ya zamani, si zile za kurusha angani usiku wa mwaka mpya: ni kile kikombe kidogo kilicho katikati ya kitako cha ganda, kinachogongwa na pini ya bunduki kikatoa cheche. Na kwa kuwa neno "risasi" kwetu ni jina la chuma pia, chuma chenyewe nitakiita madini ya risasi.

Jambo moja la kulielewa kwanza

Wengi wetu tumekulia katika nyumba ambamo kitu cha thamani hutiwa kwenye sanduku la chuma, likapigwa kufuli, likasukumwa uvunguni. Kwa pesa na hati ya kiwanja, sawa. Kwa baruti, ndipo hatari inapoanzia.

Baruti ya kisasa, isiyo na moshi, ikishika moto mahali pa wazi huungua kwa mwali mkubwa na wa haraka, lakini huungua tu. Ikibanwa mambo hugeuka. Gesi inakosa pa kutokea, shinikizo linapanda, na kadiri shinikizo linavyopanda ndivyo baruti inavyozidi kuungua kwa kasi. Hivyo ndivyo bunduki inavyofanya kazi. Sanduku la chuma lililozibwa vizuri hufanya kazi ileile, ila halina mtutu wa kutolea.

Tena baruti imebeba oksijeni yake yenyewe, kwa hiyo kuifunika ili ikose hewa hakuizimi. Ndiyo maana makopo ya dukani hutengenezwa makusudi yawe dhaifu, yapasuke mapema kabla shinikizo halijawa kubwa. Ukilichukua kopo hilo ukalifungia ndani ya chuma kinene, umeiondoa kinga aliyokuwekea mtengenezaji.

Basi kila utakachosoma hapa chini kinatokana na hilo. Mzuie mtu asiingie, lakini ipe gesi njia ya kutoka.

Kabla ya kuanza: je, sheria inakuruhusu?

Sehemu hii wengi huiruka, na kwa mhamiaji ndiyo inayoweza kumgharimu zaidi.

Sheria ya shirikisho ya Marekani inapotaja risasi haimaanishi risasi iliyokamilika peke yake. Maganda, fataki, vichwa na baruti ya bunduki vyote vimo ndani ya neno hilo. Maana yake, mtu aliyekatazwa kumiliki risasi amekatazwa hata kopo moja la baruti. Mwenye viza ya muda, kwa mfano mwanafunzi, kwa kawaida amekatazwa, ingawa kuna vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye grini kadi hayumo katika katazo hilo. Na kosa la bunduki ni miongoni mwa makosa yanayoweza kumfanya mhamiaji arudishwe kwao, kwa hiyo kama karatasi zako zina utata wowote, muulize wakili wa uhamiaji kabla hujanunua chochote.

Watazame na unaoishi nao. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai, au kwa kumpiga mwenzi wake, naye amekatazwa. Akiwa anakaa kwako na ufunguo wa kabati uko kwenye ndoano ya jikoni, mnaweza kuingia matatani nyote wawili.

Kujaza kwa matumizi yako mwenyewe hakuhitaji leseni ya shirikisho. Kujaza kwa ajili ya kuuza kunahitaji. Usimjazie rafiki akakulipa, hata akiiita "pesa ya soda".

Ukiwa unasoma haya Kenya au Tanzania, usidhani yanakuhusu moja kwa moja. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Huko anza na ofisi ya polisi inayotoa leseni, na usiguse kopo lolote kabla ya kupata jibu.

Vitu utakavyohitaji

Hakuna cha ajabu, na vingi viko duka lolote la vifaa vya ujenzi:

- kabati au sanduku la mbao la kuwekea baruti, na jingine dogo la fataki
- makufuli mawili na vishikizo vyake
- kipimajoto chenye kipima unyevu
- kalamu ya wino usiofutika, karatasi za kubandika na daftari
- brashi laini na kizoleo cha plastiki
- king'ora cha moshi kinachofanya kazi, na kizima moto cha aina ya ABC
- matambara ya kufutia, na ndoo isiyotumika kwa kitu kingine chochote

Hatua kwa hatua

1. Hesabu ulicho nacho

Toa kila kitu, weka mezani, andika. Kanuni za moto zinazofuatwa katika miji mingi, hasa ile namba 495 ya NFPA (shirika la Marekani la kuzuia moto), zinaruhusu nyumbani baruti isiyo na moshi hadi ratili 20 ikiwa ndani ya makopo yake ya asili. Hizo ni kama kilo 9. Ukizidi hapo hadi ratili 50, lazima iwe ndani ya sanduku au kabati la mbao lenye kuta za ubao wa inchi moja. (Ubao unaouzwa kwa jina la inchi moja ukiupima una robo tatu ya inchi. Ndio huohuo, usihangaike.) Fataki mwisho ni 10,000.

Kiwango cha mji wako au jimbo lako kinaweza kuwa kidogo kuliko hicho. Piga simu zimamoto kwa namba yao ya kawaida, si ile ya dharura, 911, useme waziwazi: "Ninajaza risasi kama burudani, ninataka kujua mwisho wa kuhifadhi ni kiasi gani." Hawatakushangaa. Mimi nilijibiwa kwa upole na nikashukuriwa kwa kuuliza.

Mpangaji wa ghorofa ana kazi zaidi. Baadhi ya kanuni zimeandikwa kwa kuzifikiria nyumba za familia moja au mbili, na mkataba wako wa pango unaweza kukataza kabisa. Usome, kisha umuulize mwenye nyumba kwa maandishi. Bima pia, iulize.

Hata kama sheria inakuruhusu ratili 20, jiulize unazitaka za nini. Mwindaji wa kulungu anayepiga risasi mia mbili kwa mwaka hamalizi ratili 3. Ratili moja ina greni 7,000, na risasi moja ya .308 hula kama greni 40 na ushee. Piga hesabu mwenyewe. Njia rahisi kuliko zote ya kupunguza hatari ni kununua kidogo.

2. Chagua mahali

Unatafuta mahali pa baridi kiasi, pakavu, pasipobadilika joto ovyo, pasipo na jua, mbali na moto na mashine za umeme. Watengenezaji husisitiza pia baruti isikae chumba kimoja na petroli, rangi, gesi wala vimumunyisho.

Hapo gereji imekwisha kujitoa. Kwetu huku baridi ya Januari huweza kushuka mpaka nyuzi thelathini chini ya sifuri, Julai gereji inakuwa kama tanuri, na humo ndimo mlimo na mashine ya kukatia nyasi, galoni ya petroli na gari lenyewe. Dari nayo vilevile, kiangazi hupata joto kuliko chumba chochote.

Chumba cha chini ya ardhi ndicho kinachowachanganya watu. Kina ubaridi mzuri mwaka mzima, kwa hiyo kila mtu hukikimbilia. Lakini humohumo ndimo lilimo tanuru la kupasha nyumba joto, hita ya maji yenye mwali wa gesi, pampu ya kutolea maji na mara nyingi mashine ya kufulia. Ukiwa na chumba kidogo cha pembeni chenye mlango wake, upande wa mbali na tanuru, kinafaa. Kama chini kote ni ukumbi mmoja wazi, achana nako, tumia stoo ya ndani isiyo na ukuta wa nje. Mimi ninatumia stoo ya nguo ya chumba cha wageni, ambacho sasa ni chumba changu cha kazi. Kipimajoto kinakaa kati ya nyuzi 17 na 21 za Selsiasi, na nimeridhika.

Usiweke kabati kwenye njia ya kutokea. Pakiwaka, hutaki watoto walazimike kulipita ili waufikie mlango.

3. Tengeneza au rekebisha kabati la baruti

Mbao ni bora kuliko chuma kwa sababu mbili. Hazipitishi joto haraka, na zinaachia. Kabati la vitabu la zamani lenye milango linafaa sana ukilirekebisha.

Jambo la muhimu ni kuacha upande mmoja uwe dhaifu kwa makusudi. Mimi nilichagua juu. Pande nyingine nilizikaza kwa skrubu, lakini kifuniko cha juu nilikishika kwa misumari midogo minne bila gundi, na juu yake hakuna kitu. Shinikizo likija, kifuniko kinang'oka na gesi inapanda juu badala ya kupasua kuta. Wengine hudhoofisha mgongo, nayo ni sawa ila lazima uliache kabati mbali na ukuta, la sivyo umeuziba tena.

Usitie mpira wa kuzibia kwenye mlango. Usipake silikoni kwenye maungio. Nyufa ndogo ni rafiki zako.

Onyo: sefu ya bunduki, masanduku ya chuma ya kijeshi yenye mpira, friji na friza mbovu, ndoo za plastiki ngumu zenye kifuniko cha kuzungusha, vyote hivi haviwekwi baruti. Friji ndiyo inayonisumbua kuliko vingine kwa sababu watu huiona imara, ina rafu tayari na inatiwa kufuli. Imetengenezwa isipitishe hewa. Hilo ndilo tatizo lake lote.

Risasi zilizokwisha jazwa ni jambo jingine, hizo sanduku la chuma la kijeshi linazifaa.

4. Baruti ibaki ndani ya kopo lake

Kopo la asili lina jina la baruti, namba ya toleo na maonyo, na limetengenezwa lipasuke bila madhara makubwa. Usihamishie kwenye chupa ya maziwa, wala kopo la kahawa, wala kopo tupu la baruti nyingine. Hili la mwisho ndilo baya zaidi. Baruti ya bastola na baruti ya raifo huweza kufanana kwa macho kabisa, na kipimo cha moja kikiingia mahali pa nyingine bunduki hupasukia usoni pa mtu.

Unaponunua, andika tarehe ya kununua. Unapofungua, andika tarehe ya kufungua. Kopo likiisha, ng'oa karatasi yake kabla ya kulitupa.

Usiweke vile vifuko vya kunyonya unyevu ndani ya kopo la baruti. Wengi hufanya hivyo kwa nia njema. Baruti hutoka kiwandani na unyevu wake maalumu, na ikikauka kupita kiasi huungua kwa kasi zaidi, kwa hiyo kipimo kilichokuwa salama mwaka jana kinaweza kisiwe salama mwaka huu. Funga kifuniko vizuri mara tu ukimaliza, inatosha.

5. Fataki zikae peke yake

Kabati lake, kando na baruti, na ndani yake pasiwe na kitu kingine. Baruti inahitaji moto ili iwake. Fataki inahitaji kugongwa tu.

Ziache kwenye trei zake. Fataki mia hukaa kila moja kwenye tundu lake, na trei kumi hufanya boksi la elfu moja. Nafasi hiyo kati ya moja na nyingine haikuwekwa kwa ajili ya urembo. Moja ikilipuka, umbali unazikinga nyingine. Ukizimimina kwenye chupa ya kioo umezigusanisha zote, ya kwanza itaziamsha zote kwa pamoja, na kioo kitakuwa vipande vinavyoruka. Nimewahi kuoneshwa chupa ya namna hiyo kwenye mauzo ya vitu vya marehemu, imejaa hadi shingoni, na mtoto wa mwenye nyumba anaitikisa ili nisikie. Sikumpigia kelele. Nilimwomba aiweke chini polepole, tukatoka nje, tukawapigia zimamoto.

Weka fataki kwenye rafu ya chini au ya kati, si ya juu zinapoweza kuanguka. Tenganisha ndogo na kubwa, za raifo na za bastola, kila aina na rafu yake.

6. Benchini pawe na kopo moja tu

Hifadhi haiishii kabatini. Toa baruti moja, tumia, rudisha, funga, ndipo utoe nyingine. Fataki toa trei moja unayotumia.

Usiache baruti ndani ya chombo cha kupimia usiku kucha. Niliwahi kuitwa katikati ya kazi, mtoto ana homa, nikaondoka. Niliporudi siku ya tatu, chombo kilikuwa na baruti nusu na mezani palikuwa na makopo mawili. Sikuweza kuapa ni ipi. Niliitoa yote nikaiharibu, na tangu siku hiyo kopo husimama mbele ya chombo mpaka chombo kiwe kitupu. Zaidi ya hapo, baadhi ya baruti hula plastiki ya chombo ikikaa humo, utaona imetia ukungu wa manjano.

Usivute sigara, usiwashe udi wala chetezo katika chumba hicho. Ninaitaja chetezo kwa sababu nyumba nyingi za watu wa pwani hufukizwa ubani Ijumaa, na makaa yale huzungushwa chumba kwa chumba. Chumba hicho kirukwe.

7. Funguo

Ulinzi dhidi ya mtu uwe na tabaka mbili: mlango wa chumba ufungwe, na kabati lenyewe liwe na kufuli. Kabati likiwa jepesi, lifunge kwenye nguzo ya ukuta kwa skrubu ndefu ili lisibebwe zima zima.

Ufunguo usikae juu ya kabati. Watoto wanajua. Mtoto wa miaka minne anaziona fataki kama shanga zinazong'aa, na wa miaka kumi na mbili amekwisha tazama video ya kuzilipua. Wape wa umri wa kuelewa maelezo ya kweli, wasiachiwe wajiulize wenyewe.

Halafu nyumba zetu hazikosi wageni. Binamu anakuja kwa wiki mbili, anakaa miezi sita, na ana watoto watatu. Kila mgeni wa kulala anapokuja, ninaukagua mlango upya. Mke wangu anajua ufunguo uko wapi na anajua kilichomo. Mwingine yeyote hana haja.

8. Vumbi la madini ya risasi

Hapa ninaomba usiharakishe, kwa sababu hatari hii haina mlio na wengi hawajui kuwa ipo. Fataki nyingi zina mchanganyiko wa madini ya risasi. Zikishapigwa, mabaki hubaki ndani ya ganda. Ukiyatia maganda kwenye mashine ya kutikisa yenye magunzi ya mahindi au maganda ya jozi yaliyosagwa, kisha ukafungua kifuniko na kuyachekecha, unapuliza vumbi hilo chumba kizima. Linatua kwenye zulia, na anayetambaa juu ya zulia ni mtoto. Hakuna kiwango cha madini ya risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Kwa hiyo: safisha na chekecha maganda nje, au tumia njia ya maji badala ya vumbi. Maganda machafu yakae kwenye ndoo yenye kifuniko, si kwenye mfuko wa nguo zako. Usile wala kunywa chai benchini. Futa meza kwa kitambaa chenye maji, usipanguse kikavu. Nawa mikono na uso kabla ya kumshika mtoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Na ukienda na mtoto hospitali, mwambie daktari wazi kwamba nyumbani mnajaza risasi, aamue kama apimwe damu.

9. Daftari na ukaguzi

Ukurasa mmoja unatosha: aina, kiasi, tarehe ya kununua, tarehe ya kufungua. Kila baada ya miezi mitatu fungua makopo mojamoja, nusa kidogo kwa mbali, tazama rangi. Baruti nzima inanukia kama spiriti au etha. Tumia ya zamani kwanza.

10. Siku ya moto

King'ora cha moshi kiwe nje ya mlango wa chumba hicho, na ukijaribu kila mwezi. Kizima moto ni cha moto mdogo ambao haujafika kabatini, kama kikapu cha taka. Ukishafika kabatini hupigani nao. Toeni watu, fungeni mlango, pigeni 911 mkiwa nje, na zimamoto wakifika waambieni kabla hawajaingia: kuna baruti kiasi fulani, fataki kiasi fulani, chumba fulani. Familia nzima ijue kulisema hilo kwa Kiingereza. Bibi akiwa nyumbani peke yake na wajukuu, mfundishe hata maneno mawili: "gunpowder, upstairs."

Baruti nyeusi ni habari nyingine

Wapo wanaowinda na gobore. Minnesota ina msimu wake wa gobore baada ya ule wa kawaida, na watu wetu wengi wanaupenda kwa sababu babu zao waliwinda hivyohivyo. Baruti nyeusi haisubiri kubanwa. Hata ikiwa wazi huwaka kwa kishindo, na cheche ndogo, hata ya umeme wa nguo ya sufu, inatosha. Iweke ndani ya sanduku lake la mbao, mbali na ile isiyo na moshi na mbali na fataki. Kanuni nyingi za moto zinaweka mwisho wa ratili 20 nyumbani. Ushauri wangu ni ratili moja au mbili, basi.

Yakitokea haya

Baruti ina harufu kali ya kuchoma pua, au umeona vumbi jekundu kama kutu, au kopo la chuma limeota kutu ndani. Inaoza. Baruti inayooza hutoa joto, na inaweza kujiwasha yenyewe. Itoe nyumbani siku hiyohiyo, iweke nje mbali na jengo, piga simu zimamoto au ofisi ya wilaya inayopokea taka hatari. Usiimimine chooni.

Baruti imemwagika. Zoa kwa brashi na kizoleo cha plastiki. Usitumie mashine ya kufyonza vumbi, mota yake hutoa cheche. Usiirudishe koponi.

Fataki zimeanguka. Kila mtu asimame alipo. Vua viatu, okota kwa mkono mojamoja, hesabu mpaka idadi itimie. Hapa pia mashine ya kufyonza ni marufuku.

Karatasi ya kopo imebanduka. Kama huwezi kuapa ni baruti gani, si baruti tena, ni taka. Usikisie kwa rangi.

Kipima unyevu kinapanda kiangazi. Mashine ya kupunguza unyevu iwe upande wa pili wa chumba au nje ya mlango, si kando ya kabati. Fataki zilizolowa maji ya mafuriko usizikaushe ukazitumia, huweza kuchelewa kuwaka, na bunduki iliyochelewa ndiyo humpiga mtu aliyekwisha ishusha.

Unahama. Kampuni za kuhamisha mizigo hazichukui baruti wala fataki, na posta hairuhusu kuzituma. Kwenye ndege haziruhusiwi, si kwenye mkoba wa mkononi wala kwenye sanduku la kupakiwa chini, kwa hiyo usifikirie kumpelekea mjomba zawadi nyumbani. Zibebe mwenyewe kwa gari, fataki mbali na baruti, moja kwa moja bila kuliacha gari juani.

Umerithi vitu vya marehemu. Swali hili huletwa zaidi na akina mama, mume amefariki na stoo imejaa makopo asiyoyajua. Mama, usiyafungue, usiyatikise, usiyahamishe. Yapige picha kutoka mlangoni, funga mlango, kisha piga simu zimamoto kwa namba ya kawaida uwaeleze ni makopo mangapi, na kama kuna lenye kutu au lililovimba. Watakuja wao, au watakupa siku na mahali pa kuyapeleka.